Taa za LED bila sebule kuwa kama duka la dawa: namna ya kupata mwanga uliotulia nyumbani

Ukipanda kivuko cha Kamanga jioni unarudi mjini na giza limeshaingia, tazama vilima vya Mwanza, Igogo huku, Isamilo kule, nyumba karibu zote zinawaka nyeupe pee, ile nyeupe inayokwenda kwenye ubluu. Sio kwamba tumekaa kikao tukakubaliana, ni kwamba madukani hiyo ndio imejaa, ukimwambia muuzaji nipe taa ya LED ukanyamaza basi mkono wake unaenda hapo hapo. Af ukishafunga unaanza kulalamika kwamba taa za siku hizi hazina raha, sebule imekuwa kama duka la dawa, bora zile globu za zamani za waya. Mi nasema LED haina kosa hapo. Shida ni rangi ya mwanga uliyochukua, na kubwa kuliko hiyo ni kwamba chumba kizima umekitegemeza kwenye balbu moja katikati ya dari. Vyote viwili vinarekebishika bila kuongeza hata yuniti moja ya LUKU.

Hatua ya 1: zunguka nyumba usiku kabla hujanunua chochote

Subiri giza, zima taa zote, halafu washa chumba kimoja kimoja na ukae humo dakika kadhaa. Usiitazame balbu, tazama vitu: uso wa mtu aliyekaa kwenye kochi, ukuta, sahani mezani. Kama macho ya mtu yamezama kwenye kivuli na pua imetupa kivuli kingine mdomoni, hiyo ni taa moja inayompiga utosini. Kama ngozi inaonekana kijivukijivu, mtu mzima wa afya anaonekana katoka kuumwa malaria, hiyo sasa ni rangi ya mwanga. Ni matatizo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti, wengi wanabadilisha balbu tu wakati shida yao ilikuwa ni mahali taa ilipo.

Asubuhi fungua balbu zikiwa zimepoa usome maandishi madogo kwenye shingo. Utakuta wati, volti, na namba inayoishia na herufi K. Nyumba nyingi utakuta 6500K kuanzia getini mpaka chooni.

Na hapa kuna kitu watu wanacho na hawajui kama wanacho. Wenye dari za jipsam na zile daunilaiti za duara au za pembe nne, hebu zima swichi uwashe tena haraka, ndani ya sekunde moja hivi. Taa nyingi zinazofungwa miaka hii ni za rangi tatu, ukizima na kuwasha inabadilika kutoka nyeupe kwenda njano kwenda ya katikati. Fundi akishafunga anaiacha nyeupe anachukua hela yake anaondoka, na we unaishi miaka mitatu kwenye nyeupe wakati njano ilikuwa humo humo. Nyingine zina kiswichi kidogo mgongoni mwa taa yenyewe, hiyo inabidi uichomoe darini, na usichomoe kitu darini kabla ya kuzima meini swichi. Ukikuta taa za chumba kimoja zimepishana, mbili njano na moja nyeupe, zima zote, ziache kidogo, washa tena, nyingi zinarudi mwanzo zikaenda pamoja.

Ukibahatika kuwa na hizo, nusu ya kazi imeisha bure, ruka mpaka hatua ya 4.

Hatua ya 2: ielewe hiyo K

K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, na kinachowachanganya watu ni kwamba namba ikipanda mwanga unazidi kuwa wa baridi, yaani wa kibluu, ikishuka unazidi kuwa wa moto, yaani wa njano. Mshumaa au koroboi iko kwenye 1900K hivi. Globu ya zamani ya waya ilikuwa karibu 2700K. Jua la mchana liko kwenye elfu tano na kitu, na mchana wa mawingu ndio unafika 6500K. Kwa hiyo ukifunga 6500K sebuleni unauambia mwili kwamba saa tatu usiku ni saa sita mchana, af unashangaa watoto hawalali. Hilo sio la kujitungia, mwanga wenye bluu nyingi usiku unapunguza melatonini, homoni ambayo ndiyo inauambia mwili muda wa kulala umefika.

Mgawanyo nnaoupendekeza ni huu. Chumbani 2700K, usijadili. Sebuleni 2700K au 3000K, mi naegemea 2700K kama kuta zako ni nyeupe na sakafu ni tailizi nyeupe, maana vyote hivyo vinaurudisha mwanga ulivyo, haviuongezei joto lolote. Sehemu ya kulia chakula 3000K. Jikoni juu ya sehemu ya kukatia mboga na kusafishia samaki weka 4000K, hapo unataka kuona mfupa na sio kupumzika. Mezani kwa mtoto anayesoma pia 4000K, lakini iwe taa ya mezani, sio kisingizio cha kuiwashia familia nzima taa ya ofisi.

Sheria moja tu usiivunje: kwenye nafasi moja inayoonekana kwa pamoja usichanganye 6500K na 2700K. Zikikaa pamoja kila moja inaiharibu mwenzake, ya njano inaonekana chafu na nyeupe inaonekana bluu. Wenye sebule na dining zilizoungana hapa ndio wanapofeli, wamebadilisha upande mmoja wakasema hii ya njano mbaya, kumbe ni jirani yake.

Kuna imani kwamba taa ya njano inakula umeme. Imetoka kwenye globu za zamani, zile kweli zilikuwa njano na kweli zilikuwa zinakula, globu ya wati 60 ukiiwasha saa 5 kila siku kwa mwezi wa siku 30 inamaliza yuniti 9. LED ya wati 9 inayotoa mwanga unaokaribia huo huo inamaliza yuniti 1.35 kwa saa hizo hizo, iwe njano iwe nyeupe. Tofauti iliyopo ni ndogo tu, ya njano inatoa mwanga pungufu kidogo kwa wati zile zile.

Kwa nini pungufu? Ukiifungua ile kofia ya plastiki ya balbu ya LED iliyoungua utaona vidoti vya njano kwenye sahani ya bati. Chini ya hiyo njano kuna LED ya bluu, bluu kabisa, ile ambayo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuitengeneza. Ile njano juu ni poda inayoitwa phosphor, inameza sehemu ya bluu na kuitoa ikiwa njano na nyekundu, zikichanganyika jicho linaona nyeupe. Poda ikiwa chache bluu nyingi inapita, unapata 6500K. Ikiwa nyingi na yenye wekundu unapata 2700K, na njiani humo mwanga kidogo unapotea. Ukiziweka mbili zimezimwa pembeni kwa pembeni, utaona vidoti vya 2700K vinaelekea rangi ya chungwa. Kwa hiyo hata balbu ikiwa imefutika maandishi, kama imekufa na unataka kujua ilikuwa ipi, fungua utazame vidoti.

Hatua ya 3: dukani

Mjini kati kwenye maduka ya vifaa vya umeme usiseme "nataka taa ya njano", utapewa zile balbu zilizopakwa rangi ya njano za kwenye mabaa na kumbi za sherehe. Sema unataka warm white, na usome boksi mwenyewe mpaka uone 2700K au 3000K. Muuzaji atakwambia "bosi hii nyeupe ndio watu wanachukua, inawaka sana". Mwache aseme. Boksi likiandikwa daylight au cool daylight ni ile ile 6500K.

Usinunue kwa wati, nunua kwa lumeni, ndio kipimo cha mwanga wenyewe. Kukusaidia tu: globu ya zamani ya wati 40 ilikuwa lumeni 450 hivi, ya 60 ilikuwa 800, ya 100 ilikuwa 1600. Balbu nyingi za bei rahisi zinaandika wati kubwa kwenye boksi na lumeni hazisemi, hizo mi sinunui.

Kitu kingine cha kusoma ni CRI au Ra. Hii inakwambia rangi za vitu zitaonekana kwa usahihi kiasi gani ukilinganisha na mwanga wa jua au wa globu ya waya, ambazo zinahesabiwa 100. LED za kawaida ni 80, nzuri ni 90 na kuendelea. Hapa ndio wengi wanapobadilisha kwenda njano na bado hawaridhiki, maana balbu ya 2700K yenye CRI mbovu inatoa njano ya kufubaa isiyo na wekundu ndani yake. Unalijua hilo mezani: sato kakaangwa vizuri, kaiva rangi ya dhahabu, kachumbari ina nyanya nyekundu kabisa, lakini ukiweka sahani chini ya taa hiyo samaki anaonekana wa jana na nyanya inaonekana kahawia. Chakula hakina shida, ni mwanga hauna nyekundu ya kuirudisha. Kama boksi halisemi CRI, mwambie muuzaji aiwashe kwenye holda yake ya kujaribia, weka kiganja chako chini yake. Kiganja kikionekana na damu ndani yake, chukua. Kikionekana kimepauka, rudisha.

Ikiwa imewashwa hapo hapo toa simu, fungua kamera, isogeze karibu na balbu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye skrini, balbu inapepesa. Umeme wetu ni hezi 50 kwa hiyo balbu yenye draiva ya hovyo, yaani kile kifaa cha ndani kinachoilisha LED umeme, inapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kuna watu kichwa kinawauma na hawajui kwa nini. Mistari myepesi isikutishe, ile mizito inayokata picha vipande ndio uikatae.

Angalia na volti. Mitaani kwetu umeme unapanda na kushuka, hasa jioni kila mtu akiwasha pasi na jiko, balbu iliyoandikwa 85-265V inavumilia kuliko iliyoandikwa 220-240V. Angalia holda yako kabla hujatoka nyumbani, ya kuzungusha ni E27, ya kuchomeka yenye pini mbili ni B22, kuna watu wanapanda daladala kurudi Igoma ndio wanagundua. Na kama duka linatoa waranti, andika tarehe kwenye shingo ya balbu kwa peni isiyofutika na utunze risiti.

Usibebe balbu kumi siku ya kwanza. Chukua mbili, kalale nazo wiki, macho yaliyozoea nyeupe yanahitaji muda kidogo, siku ya kwanza utaona giza, usiku wa tatu wa nne hutaki kurudi.

Hatua ya 4: vunja ile taa moja ya katikati

Hii ndio hatua yenyewe. Ukifanya hii tu na nyingine zote ukaziacha, nyumba itabadilika.

Tuseme sebule ina balbu moja ya wati 15 darini. Badala yake tumia tatu za wati 5, 2700K, kila moja ina lumeni 400 hadi 450 hivi. Wati ni zile zile 15, LUKU haijui tofauti. Lakini sasa hazikai darini, zinakaa chini ya usawa wa macho ya mtu aliyesimama: moja kwenye kona nyuma ya kochi, moja nyuma ya TV au pembeni yake ikitazama ukuta, moja kwenye kimeza au juu ya kabati. Mwanga ukitoka pembeni na chini vivuli vya usoni vinaisha, kona za chumba zinaonekana, na chumba kinakuwa na sehemu za mwanga na sehemu za giza kidogo. Hilo giza kidogo ndio utulivu wenyewe, msiliogope. Tumezoeshwa kwamba chumba lazima kiwake sawasawa kila kona ndio kionekane cha maana, wakati ukitaka kutafuta sindano ile taa ya darini bado ipo, utaiwasha.

Tena kwa vitendo utakuta unawasha mbili tu kati ya tatu, kwa hiyo yuniti zinashuka.

Waliopanga, mabachela na wanafunzi wa kule Malimbe na Nyegezi ambao mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta, nendeni mkanunue holda yenye waya mrefu, swichi ya kati na plagi. Chomeka kwenye soketi, ning'iniza kwenye msumari uliopo au pitisha nyuma ya kabati. Siku ya kuhama unakunja unaondoka nayo. Ila waya usipite chini ya zulia na usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni.

Kuhusu dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga: usifunge kabla hujahakikisha balbu zako zimeandikwa dimmable. Balbu ya kawaida kwenye dima inapepesa, inaimba, na inakufa mapema. Kwa hali ya mifuko yetu mi naona swichi mbili tofauti kwenye chumba kimoja ni bora kuliko dima, unawasha kidogo au unawasha vyote, basi.

Hatua ya 5: ficha balbu, onyesha mwanga

Balbu tupu ikiwa kwenye usawa wa jicho inachoma hata iwe 2200K. Ivishe kofia. Vikapu vya ukindu na nyungo zipo sokoni tele, kikapu kikigeuzwa kikatobolewa chini kinakaa kwenye holda vizuri, mwanga unapita kwenye nafasi za msuko na ukuta wote unapata madoa madoa ya kupendeza. Kitambaa cheupe cha krimu au kanga nyepesi iliyofuliwa sana nayo inafaa, inyooshwe kwenye fremu ya waya. Kwenye mitumba Mlango Mmoja ukiwa na subira unaokota vitambaa vizuri kwa hela ndogo, angalia tu visiwe na bluu au kijani, maana mwanga ukipita kwenye kitambaa unachukua rangi yake na kazi yote ya kelvini imepotea.

LED haina moto wa globu ya zamani lakini sio kwamba haina moto kabisa, shika shingo yake baada ya saa moja utajua. Moto ukikosa pa kutokea draiva iliyomo humo inakufa. Kwa hiyo kofia iwe wazi juu na chini, kitambaa kisiguse balbu, na zile mambo za kuifungia kwenye chupa ya jam kwa sababu umeona picha inapendeza, balbu haitachukua muda.

Zile balbu za kioo zenye nyuzi za njano ndani zinazofanana na globu za kizamani ni LED pia, nyingi ni 2200K au 2700K. Nzuri juu ya meza ya chakula, mbaya mbele ya macho.

Hatua ya 6: ukuta na jipsam

Mwanga mwingi unaouona chumbani haujatoka kwenye taa moja kwa moja, umegonga ukuta ukarudi. Ukuta mweupe wa hospitali unarudisha ulivyo, ukuta wa krimu au rangi ya maziwa unauongezea joto. Kama unapaka rangi mwaka huu hata hivyo, chukua krimu isiyong'aa. Kama hupaki, geuza taa itazame pazia la hudhurungi au kabati la mbao, inakuwa umepata ukuta wa krimu bila kumlipa fundi rangi.

Wenye jipsam yenye mfereji ule wa kuficha taa, stripu ya LED, ule utepe wenye vitaa vidogo vidogo, ndio mahali pake. Chukua ya rangi moja, 3000K au 2700K. Zile za rangi zote zenye rimoti achana nazo, nyeupe yake inatengenezwa kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu na haijawahi kumpendeza mtu yeyote usoni. Hesabu ya adapta fundi wengi wanakisia, ifanye mwenyewe: stripu ya wati 9.6 kwa mita, mita 5, ni wati 48, ongeza moja ya tano ya akiba unafika karibu 58, kwa hiyo adapta ya volti 12 ampea 5, yaani wati 60. Adapta ndogo kuliko hapo inachemka huko juu darini ambako huioni. Stripu ibandikwe mbali kidogo na ukingo ili vidoti visionekane kwenye dari, na kama bajeti inaruhusu iingie kwenye mkondo wa alumini wenye mfuniko wa rangi ya maziwa, inapoa vizuri na inadumu.

Neno dogo la pembeni la fundi umeme: ukizima taa ya LED na inabaki inawaka kwa mbaaali, wengi wanasema ni majini, mara nyingi ni swichi iliyofungwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Maana yake hata ukizima, holda ina umeme. Usibadilishe balbu hapo, mwite fundi aliyesajiliwa arekebishe. Kama waya uko sawa, mara nyingi ni kile kitaa kidogo cha kwenye swichi kinachopitisha umeme kiduchu.

Hatua ya 7: nje, wadudu na mawe

Nje ndio sehemu ambayo watu wa ziwani tungepaswa kuwa wa kwanza kuacha nyeupe. Mvuvi wa dagaa usiku wa giza anawasha karabai, siku hizi taa za LED za sola, kwa sababu anajua mwanga unavuta wadudu na dagaa, ndio kazi yake. We na 6500K varandani unavuta wadudu wale wale, tofauti yako hupati dagaa. Vile vijidudu vya ziwani vikiamka vinajaa ukutani, kwenye chai, kwenye nywele za wageni. Wadudu wengi wanauona ubluu kuliko njano, kwa hiyo balbu ya 2700K au chini yake inapunguza, haimalizi, wakija kwa wingi kweli kweli watakuja tu. Njia nzuri ni taa kali kidogo iwe mbali na mlango, hapo mlangoni pabaki taa ndogo ya njano ya wati 3, na mlango wenyewe uwe na wavu.

Waliojenga mlimani mkapakana na jiwe, mna utajiri na mnaumwagia mwanga mbaya. Jiwe letu hili ni graniti, mchana ni la kijivu lakini kwa ndani lina wekundu na chembe zinazometa. Weka taa moja ndogo ya 2700K chini kabisa, karibu na shina la jiwe, itazame juu, isimulike kutoka mbele. Mwanga ukipanda kwa kuparaza unatoa kila mkwaruzo na kila ufa, na wekundu wake unatoka. Taa hiyo hiyo ikiwa 6500K na imefungwa ukutani kulitazama jiwe uso kwa uso, jiwe linakuwa zege. Taa iwe ya nje kweli, IP65 na kuendelea, hicho ni kipimo cha kuzuia vumbi na maji, maana mvua za huku maji yanashuka mlimani kwa fujo.

Umeme ukikatika

Hapa kuna kero, balbu za kuchaji na taa za vifurushi vya sola karibu zote ni nyeupe kali. Kuzipaka rangi ya kucha, nimeona watu wanafanya, rangi inababuka na kunuka, usifanye. Bora uitafute ya kuchaji ya 3000K, zipo ila uulize maduka kadhaa, au iliyopo uisimamishe nyuma ya kitu, itazame ukuta wa krimu au uizungushie karatasi ya kaki kwa umbali wa kiganja. Mwanga utapungua, lakini hiyo ni taa ya kula na kupiga stori, sio ya kushonea.

Na zile 6500K ulizotoa zina kazi: stoo, bafu la nje, karakana, chumba cha pasi, sehemu yoyote unayoingia kufanya kitu na kutoka. Zikizidi mpe jirani, au zifungie boksini na uandike juu kwa maki peni "nyeupe", ili siku balbu ya chumbani ikiungua saa tano usiku asiichukue mtu akaifunga.